Askari Ana Barua, Muuguzi Ana Foleni

Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, kuna kambi ya mafunzo ya jeshi la Uingereza. Askari aliyemaliza zamu yake pale na kuamriwa kurudi England na watoto wake hahitaji kutua kwanza ndipo aanze kuwatafutia shule. Kanuni za Udahili wa Shule za England, toleo linalotumika tangu Septemba 1, 2021, zinamruhusu kutuma ombi akiwa bado Kenya, akiambatanisha barua rasmi inayotaja tarehe ya kuhama. Nafasi ikiwapo, ni lazima mtoto apewe kabla familia haijafika. Kama nyumba haijapatikana, anwani ya kikosi inatosha. Mtumishi wa serikali ya Uingereza anayerejea kutoka kituo chake cha ng'ambo, tuseme ubalozini Dar es Salaam, naye anapita mlango huo huo.

Sasa mtazame muuguzi wa Nanyuki hiyo hiyo, aliyeajiriwa na hospitali ya umma ya England. Naye ana tarehe ya kuanza kazi. Naye ana hati inayotambuliwa na serikali: cheti cha udhamini kilichosajiliwa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, chenye jina la mwajiri, mahali pa kazi na siku ya kuanza. Watoto wake wana visa. Lakini likija suala la shule, halmashauri nyingi zitamjibu arudi akishakuwa na anwani, na anwani kwao maana yake ni mkataba wa pango au bili ya kodi ya halmashauri yenye jina lake.

Wote wawili wanakwenda kuitumikia dola ile ile. Mmoja anafika watoto wakijua jina la mwalimu wao. Mwingine anafika na masanduku, watoto wawili sebuleni kwa mwenyeji, na zamu ya kwanza wodini Jumatatu asubuhi.

Kisheria hawa watoto hawatofautiani. Hilo lisemwe mapema, kwa kuwa wazazi wengi hufika wakidhani kuna ada iliyofichwa mahali. Shule ya serikali England haina ada, na Kanuni zinakataza kumnyima mtoto nafasi kwa sababu tu kuna shaka kuhusu hadhi yake ya uhamiaji. Familia inayokuja kwa visa ya kazi isiyo ya sekta ya afya hulipa pauni 1,035 kwa mwaka kwa kila mtu mzima na pauni 776 kwa kila mtoto ili itibiwe katika hospitali za umma. Kwa shule haitozwi hata senti. Mwaka 2016 serikali ilijaribu kuzifanya shule ziulize uraia wa kila mwanafunzi na nchi aliyozaliwa. Wazazi na walimu wakapiga kelele, wengi wakakataa kujaza, na mwaka 2018 swali likafutwa. Kwa upande wa haki, mlango wa England uko wazi.

Haki ya kusoma, hata hivyo, bado si kiti darasani. (Hapa tunazungumzia England peke yake. Scotland ina utaratibu wake, ambapo kila anwani ina shule yake ya mtaa na masomo huanza katikati ya Agosti. Wales na Ireland ya Kaskazini nazo zina zao.) Nafasi hutolewa kwa ombi, na shule ikiwa na waombaji wengi kuliko viti, maombi hupangwa kwa vigezo. Watoto walio chini ya uangalizi wa halmashauri hutangulia kila mahali. Wanaofuata hutegemea shule: wenye ndugu humo, waumini ikiwa ni shule ya kanisa, kisha umbali kutoka nyumbani hadi getini. Umbali huo unaanza kuhesabiwa kwenye anwani, na hapo ndipo fundo linapokaza. Mzazi anaogopa kupanga nyumba kabla hajajua shule, na shule haimtambui kabla hajapanga nyumba. Wakala wa nyumba naye anamdai hati za mshahara za miezi iliyopita mtu ambaye hajaanza kazi.

Kalenda inaongeza chumvi. Maombi ya kuanza sekondari, yaani Mwaka wa 7, hufungwa Oktoba 31 na majibu hutoka Machi 1. Ya kuanza msingi hufungwa Januari 15, majibu yakatoka Aprili 16, na wote huingia darasani Septemba. Tanzania na Kenya mwaka wa shule huanza Januari, kwa hiyo mzazi mwangalifu husubiri mtoto afunge mwaka ndipo asafiri. Uangalifu huo unamtua England katikati ya baridi na katikati ya mwaka wa masomo. Mwenye mtoto wa miaka kumi na nusu ana kazi mbili kwa mpigo: ombi la nafasi ya sasa katika Mwaka wa 6, na ombi la pili la sekondari ya Septemba, ambalo tarehe yake ilipita miezi mitatu nyuma na litashughulikiwa baada ya wote waliowahi. Visa haiji na maelezo hayo.

Kuna pia suala la darasa lenyewe. Huko mtoto hupangwa kwa tarehe ya kuzaliwa, si kwa ripoti ya shule anayotoka. Waliozaliwa kati ya Septemba 1 na Agosti 31 hukaa pamoja. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Tanga akiwa na miaka saba, na sasa yuko la tano akiwa na kumi na moja, anajikuta sekondari bila kupita kokote. Kama alisoma shule ya msingi ya serikali, kila somo alifundishwa kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo kama masomo mengine. Sasa ana walimu kumi kwa wiki, kila mmoja na chumba chake, na kengele ikilia anatakiwa ajue pa kwenda. Mzazi anaweza kuomba arudishwe darasa moja nyuma. Shule ikikubali ni hisani yake, maana hiyo si haki.

Jibu linalotolewa haraka, bungeni na kwenye magazeti ya huko, ni kwamba shule zimejaa. Zimejaa wapi? Idadi ya watoto wanaozaliwa England kwa ujumla imeshuka tangu mwaka 2012, na shule za msingi za London ndizo zilizoanza kuhisi upepo huo. Katika kiangazi cha 2024 halmashauri ya Hackney, mashariki mwa London, ilifunga shule mbili za msingi, De Beauvoir na Randal Cremer, na nyingine nne ikaziunganisha kuwa mbili. Mwaka mmoja kabla, kusini mwa mto Thames, sekondari ya Archbishop Tenison's iliyoanzishwa mwaka 1685 ilifunga milango kwa kukosa wanafunzi. Kodi za nyumba zimewafukuza wazazi vijana katikati ya jiji, na shule hulipwa kwa kichwa: viti vikibaki wazi, mshahara wa mwalimu unakosa pa kutoka. Kuna walimu wakuu London wangempokea mtoto wa muuguzi kwa mikono miwili, laiti wangejua yuko njiani.

Penye uhaba wa kweli ni kwingine. Ni katika shule zenye sifa, ambazo zilijaa tangu siku ya majibu na zina orodha ya kusubiri. Ni katika madarasa matatu ya mwanzo, Reception, Mwaka wa 1 na wa 2, ambako sheria imeweka kikomo cha watoto 30 kwa mwalimu mmoja. Kikomo hicho kina msamaha kwa mtoto aliyehamia eneo hilo nje ya msimu na hakuna shule nyingine yenye nafasi kwa umbali unaofaa, lakini msamaha huo haumsaidii asiyeujua. Na zaidi ya yote ni katika madarasa ya juu ya sekondari, ambako kukataliwa hakutokani na viti pekee.

Hapo pana mitego mitatu, na yote imetegwa na serikali yenyewe.

Wa kwanza ni wa utawala. Msimu wa kawaida ukifika, halmashauri ndiyo inayoratibu kila kitu: fomu moja, shule kadhaa kwa mpangilio wa upendeleo, jibu moja. Lakini kwa maombi ya katikati ya mwaka, wajibu huo uliondolewa kwa mabadiliko ya mwaka 2012, na tangu Septemba 2013 halmashauri inaweza kuratibu au isiratibu. Zaidi ya shule nane kati ya kumi za sekondari sasa ni akademi, zinazojiamulia udahili wake zenyewe. Matokeo yake, katika mji mmoja mzazi anajaza fomu moja tu. Katika mji wa pili, nusu saa kwa treni, analazimika kubisha shule moja moja, kila moja na fomu yake, huku akipigwa danadana kati ya ofisi ya shule na ya halmashauri. Haki moja aliyobakiziwa, ambayo wachache wanaitumia, ni kwamba akiuliza, halmashauri lazima imwambie shule zipi zina nafasi.

Wa pili ni wa fedha. Bajeti ya shule hukokotolewa kwa wanafunzi waliokuwapo siku ya sensa ya Oktoba, kwa kawaida Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Mtoto anayeingia Novemba anakaa, anakula, anafundishwa, lakini fungu lake la msingi halifiki hadi Aprili inayofuata sensa ya Oktoba ijayo. Kwa akademi, hadi Septemba baada ya Aprili hiyo. Mwalimu mkuu anayempokea mtoto mgeni mwezi Novemba anaikopesha serikali elimu ya mtoto huyo. Wengi hukopesha bila kinyongo. Kuna pia wanaopiga hesabu.

Wa tatu ni wa matokeo. Sekondari hupimwa hadharani kwa mitihani ya GCSE, ambayo mtoto huifanya akiwa na miaka 15 au 16, mwisho wa Mwaka wa 11. Alama za mwanafunzi aliyewasili karibuni kutoka nje zinaweza kuondolewa katika takwimu za shule, ila sharti mojawapo ni kwamba nchi anayotoka Kiingereza si lugha rasmi. Kenya, kwa Katiba ya 2010, Kiingereza ni lugha rasmi sambamba na Kiswahili. Kwa hiyo kijana wa Kibera na yule wa shule ya kimataifa ya Runda wanahesabiwa sawa: wametoka nchi ya Kiingereza, alama zao ni za shule iliyowapokea, hata kama walibakiza mwaka mmoja na hawajawahi kuona mtaala wake. Hakuna mwalimu mkuu atakayeandika sababu hiyo kwenye barua ya kukataa. Ataandika kwamba Mwaka wa 10 umejaa, na huenda kweli umejaa.

Neno hilo la kujaa lina historia yake, na Afrika Mashariki imo ndani. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Wakiwa bado Kampala wanapanga foleni kwenye ubalozi, halmashauri ya jiji la Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, Septemba mwaka huo, ikiwasihi wasije Leicester. Tangazo lilitoa sababu kwa vichwa: nyumba, kwa kuwa maelfu ya familia walikuwa kwenye orodha, elimu, kwa kuwa mamia ya watoto walikuwa wakisubiri shule, na huduma za afya, zilizokuwa zimeelemewa. Zaidi ya watu 27,000 waliingia Uingereza, na maelfu wakaenda Leicester vilevile. Wapo waliosimulia baadaye kwamba tangazo lenyewe ndilo lililowafahamisha kuwa jiji hilo lina ndugu zao wa kutosha. Miaka ilivyopita, maduka na viwanda vyao vikawa sehemu ya fahari ya jiji lile lile, na halmashauri ikalijutia tangazo lake.

Leicester angalau ilisema wazi. Southall, magharibi mwa London, mambo yalifanywa kwa basi. Wizara ya Elimu ilitoa waraka mwaka 1965 ukizishauri halmashauri zisiruhusu watoto wa wahamiaji kuzidi takriban theluthi ya shule moja, na halmashauri ya eneo hilo, Ealing, ikawa inawapakia watoto wa Kiasia asubuhi na kuwapeleka shule za vitongoji vya mbali, kwa miaka mingi, wakati watoto Wazungu wa mtaa huo huo walikwenda shule kwa miguu. Kanuni za leo, zinazokataza kumnyima mtoto nafasi kwa sababu tu ya shaka kuhusu uhamiaji wake, zimejengwa juu ya aibu ile. Ndiyo maana suala la leo haliwezi kujibiwa kwa kuwatengea wageni viti vyao pembeni. England ilishaijaribu dhana ya hesabu maalumu kwa watoto wa wageni, na inafahamu ilikoishia.

Basi askari apewe nini na muuguzi anyimwe nini? Wanaotetea utaratibu ulivyo wana hoja, na si za chuki. Mzazi aliyezaliwa Croydon, kusini mwa London, naye yuko kwenye orodha ya kusubiri. Kwa nini mtu aliye umbali wa maili elfu nne amtangulie kwa karatasi? Shule haiwezi kuacha kiti wazi kwa miezi ikimsubiri mtu ambaye visa yake inaweza kukwama. Na anwani, katika nchi inayogawa shule kwa mita, ni kitu kinachodanganywa na wenyeji wenyewe: hupanga chumba karibu na shule kwa miezi michache, hutumia anwani ya bibi. Mwaka 2008 halmashauri ya Poole, pwani ya kusini, iliifuatilia kwa siri familia moja kwa karibu wiki tatu, kwa sheria iliyokusudiwa uhalifu mkubwa, ikitaka kuhakikisha kama kweli inaishi ilikosema. Familia haikuwa imedanganya, na mwaka 2010 mahakama maalumu ikaamua kwamba upelelezi ule haukuwa halali. Halmashauri inayofika hapo haitaamini kwa urahisi barua kutoka Eldoret.

Hoja nzito zaidi ni ya nne. Barua ya askari imetoka jeshini. Cheti cha udhamini kinaweza kuwa kimetoka kwa kampuni ya watu watatu. Tangu Februari 2022, visa ya afya ilipofunguliwa kwa wahudumu wa wazee majumbani, wahamiaji wengi walifika wakakuta kazi haipo, na serikali imelazimika kuzifuta leseni za mamia ya waajiri wa sekta hiyo. Shule iliyotenga nafasi kwa barua ya mwajiri hewa ingeangukia patupu.

Ni kweli. Lakini hoja hiyo inawahusu waajiri wa aina moja, na wale tayari wametolewa kwenye hesabu: Machi 11, 2024 wahudumu wapya wa aina hiyo walikatazwa kuja na watoto. Wanaobaki na ruhusa hiyo ni akina muuguzi, daktari, mkunga, mpiga picha za mionzi, na waajiri wao wakubwa ni hospitali za umma. Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano rasmi kuhusu wauguzi Julai 2021. Hospitali ya umma si kampuni ya mfukoni. Ina anwani, ina ofisi ya rasilimali watu, na mara nyingi ina vyumba vya kumpokea mfanyakazi mgeni kwa wiki za mwanzo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa muuguzi si fumbo, ni maelezo ya kazi. Ikiwa anwani ya kikosi inakubalika kwa askari, anwani ya hospitali ina kasoro gani?

Na hata hiyo ya askari si upendeleo mkubwa kama inavyosikika. Kanuni zinasema nafasi itolewe ikiwapo. Zinakataza kabisa kutenga fungu la viti kwa ajili ya familia za jeshi. Anachopewa askari ni muda. Ombi lake linasomwa wiki sita mapema badala ya wiki sita kuchelewa, na linasomwa kwa vigezo vile vile. Mzazi wa Croydon aliye nambari ya kwanza kwenye orodha ya shule yenye sifa hapitwi kwa sababu ya barua pekee. Kinachobadilika ni kwamba shule ya Hackney yenye viti kumi na viwili wazi inajua, kabla ya Januari, kwamba kimoja kina mwenyewe.

Kwa hiyo kinachostahili kudaiwa ni kidogo na kinawezekana: barua ya hospitali ya umma ipewe nguvu ya barua ya jeshi, kwa nafasi katika eneo, si katika shule fulani. Mzazi asipofika ndani ya wiki chache zilizokubaliwa, kiti kinarudi. Pamoja na hilo, wajibu wa kuratibu maombi ya katikati ya mwaka urudishwe halmashauri, kila mahali. Bila huo, barua itakuwa inatumwa shule ishirini zenye fomu ishirini. Mswada wa ustawi wa watoto na shule uliowasilishwa Bungeni Desemba 2024 ulielekea upande huo kwa kuzitaka akademi zishirikiane na halmashauri katika udahili, na kuipa halmashauri uwezo wa kuiamuru akademi impokee mtoto. Kabla ya hapo ilibidi aombwe waziri.

Thamani ya muda huo inaonekana vizuri ukihesabu anavyosubiri asiye na barua. Ombi likifika, shule inatakiwa ijitahidi kujibu ndani ya siku 10 za shule, na lazima ndani ya 15. Ikikataa, mzazi ana rufaa, ambayo husikilizwa ndani ya siku 30 za shule. Jumla 45, nje ya wiki zilizopotea kutafuta nyumba, katika mwaka wenye siku 190 za kufundishwa. Karibu robo ya mwaka hiyo.

Rufaa yenyewe ni tukio la kuvutia kwa asiyehusika. Jopo la watu watatu wasio wa shule, karani wa kuandika, mwakilishi wa shule, na mzazi. Siku hizi aghalabu kwenye skrini ya kompyuta. Mwakilishi anaanza: ukubwa wa vyumba, upana wa korido, idadi ya viti maabara, foleni ya chakula cha mchana. Jopo linaamua kwanza kama kuongeza mtoto mmoja kutaiumiza shule. Likikubali kuwa kutaiumiza, linapima kama kumkatalia mtoto huyu kutamuumiza yeye zaidi. Mzazi aliyezoea kumweleza mwalimu mkuu shida zake kwa adabu na unyenyekevu anapoteza hapa, kwa sababu jopo halitafuti unyenyekevu. Linataka kusikia kitu ambacho shule hii inacho na ile iliyotolewa haina: mwalimu wa watoto wanaojifunza Kiingereza, mdogo wake anayesoma ng'ambo ya barabara. Na ikiwa mtoto yuko katika yale madarasa matatu ya mwanzo na darasa lina 30, maelezo hayo yote hayafui dafu. Hapo rufaa hushinda karibu tu pale shule ilipokosea kanuni zake yenyewe au ilipoamua isivyo na mantiki.

Kuna njia ya mkato inayosahaulika. Kila halmashauri lazima iwe na utaratibu wa dharura kwa watoto waliokwama, na mtoto aliyekaa nje ya shule wiki nne au zaidi kwa kukosa nafasi karibu anaingia humo, kama wanavyoingia watoto wa wakimbizi na waomba hifadhi. Akishaingizwa, shule lazima itajwe ndani ya siku 20 za shule. Na shule ya karibu yenye nafasi ikiwa zaidi ya maili 2 kwa mtoto wa chini ya miaka minane, au maili 3 kwa mkubwa, usafiri ni juu ya halmashauri. Basi hilo, au teksi, hugharimu halmashauri pesa ambazo barua iliyosomwa mapema ingeziokoa mara nyingi.

Barua haitatatua kila kitu. Kijana wa miaka 15 anayetua Februari ataikuta shule ikiwa na sababu zile zile mbili za kumkwepa, ya fedha na ya matokeo, hata ikijua jina lake tangu Desemba. Kwake dawa iko kwenye hesabu: fungu la fedha limfuate siku anayoingia, na alama zake zisihesabiwe kwa shule katika mwaka wake wa kwanza, atoke nchi yenye Kiingereza rasmi au isiyo nacho. Kuna pia vyuo vya mafunzo, ambavyo tangu Septemba 2013 vinaruhusiwa kuwapokea vijana wa miaka 14 hadi 16 moja kwa moja, ingawa ni vichache vilivyojitokeza kufanya hivyo. Mzazi mwenye kijana wa umri huo aiulize halmashauri kuhusu vyuo hivyo, na orodha ya sekondari zenye nafasi katika Mwaka wa 10 na wa 11, kabla hajamtumia wakala wa nyumba pauni hata moja ya amana.